Swali la utamaduni mmoja wa dunia: lijibu ukiwa na doti ya kanga mkononi

Kila mwaka swali hili linarudi. Mara ni insha ya Maarifa ya Jumla, mara ni mada ya mdahalo kati ya shule na shule: je, utandawazi unaweza kuzaa utamaduni mmoja wa dunia nzima? Nafundisha somo hilo kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na majibu nayajua kabla sijafungua daftari. Faida sita, hasara sita. Mavazi ya nusu uchi, kuiga Wazungu, kupotea kwa mila na desturi, dunia imekuwa kijiji. Aya ya mwisho inaiomba serikali ichukue hatua.

Desa hilo limechakaa. Sisemi yaliyomo ni uongo, ila hayajibu swali. Mtahini kauliza kama jambo linawezekana, wewe unamhesabia mazuri na mabaya yake. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaelekeza vijana wangu wa klabu ya mdahalo. Anayejiandaa na mtihani yatamfaa, na anayebishana na shemeji yake barazani pia.

Shika kitu kimoja

Usianze na neno "utandawazi". Ukianza nalo utaelea hewani mpaka kengele igongwe. Anza na kitu unachoweza kukishika, kilichovuka bahari kweli, kinachotumika mtaani kwenu leo hii, na ambacho unamjua anayekiuza au kukitengeneza, ili ukikwama ukamuulize.

Vijana hukimbilia McDonald's kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye madesa. Achana nayo. Tanzania haina mgahawa wake hata mmoja, Kenya vilevile. Utakuwa unaeleza kitu ulichokiona kwenye picha, na jaji atakuuliza swali moja tu uishiwe pumzi. Afadhali chipsi mayai: kiazi kilichotoka milima ya Andes kule Amerika Kusini, kikapita Ulaya, kikaja kumwagiwa mayai kwenye kikaango cha Manzese na kuitwa zege. Simu ni pana mno, kila ukiigusa inakutoa nje ya mada. Mpira unafaa, nitaugusia baadaye. Ila darasani kwangu tunaanza na kanga, na sibembelezi mtu. Mvulana anayesema kanga ni mambo ya kina mama ndiye ninayempa kazi ya kuibeba.

Naichagua kwa sababu tunaiona yetu kuliko nguo yoyote, na ukiifuata nyuma unakutana na meli tu. Kabla yake pwani hii ilikuwa inavaa merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani iliweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipovuruga pamba, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kanga yenyewe iliibuka katika nusu ya pili ya karne ile ya 19, na kwa miaka mingi ilichapwa Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani. Maneno ya Kiswahili kwenye kanga yanahusishwa sana na mfanyabiashara mmoja wa Mombasa mwenye asili ya India, Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baada ya uhuru tukapata kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam, 1968, kilichojengwa kwa msaada wa China. Siku hizi marobota mengi yanatoka India na China.

Kwa hiyo nguo tunayomfunika nayo maiti, tunayombebea mtoto, tunayomtunzia mwali, haijawahi kuwa ya hapa peke yake hata siku moja. Hapo mtoa hoja mwenye pupa hupiga meza na kusema "mmeona, utandawazi hauui utamaduni, unauzaa!" kisha anakaa chini. Ameacha kazi nusu. Upande wa pili utasimama na kusema: basi kama kila kitu kinaweza kuwa chetu, na kwa wenzetu hali ni hiyohiyo, mwisho wa safari sote tutakuwa na vitu vilevile. Huo ndio utamaduni mmoja. Utawajibu nini?

Nenda dukani

Jibu halipo kwenye daftari. Huwa nawapeleka Ngamiani, kwa mama mmoja aliyeuza kanga tangu mimi nikiwa msichana. Mara ya mwisho kijana mmoja wa kidato cha tano alitaka kununua doti kabisa, ampelekee shangazi yake Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, mwalimu karibu."

Kijana akaonyesha moja ya zambarau, pindo lina korosho kubwa kubwa, mji umejaa maua. "Hii nzuri mama. Bei gani?"

Mama hakutaja bei. Aliivuta kutoka kwenye rafu, akaifunua ikatoa ile harufu ya wanga ya kanga isiyofuliwa, akaweka kidole chini ya maandishi. "Isome kwanza."

"Hasidi hana sababu."

"Unampelekea nani?"

"Shangazi yangu. Anamwoza binti yake."

"Basi atakushukuru, ataikunja, halafu usiku hatolala. Atajiuliza umesikia nini, na kwa nani. Na mawifi wakiiona watatazamana, kila mtu ajue amesemwa yeye." Akairudisha rafuni bila kumuuliza zaidi, akatoa nyingine ya rangi ya chungwa. "Huyu ni mama wa bibi harusi. Mpelekee *Nani kama mama*. Hii hata akijifunga mbele za watu haina maneno."

Wenzake wakacheka, na mimi nikawaambia watoe daftari. Kila kitu kinachotakiwa kwenye insha kilikuwa kimepita mbele yao. Aliyeichapa hiyo kanga yuko India. Hasomi Kiswahili, ndiyo maana mara nyingine jina, yaani yale maandishi ya kanga, linakuja herufi zimerukwa na mama analazimika kushusha bei. Maneno alitumiwa na mwenye duka la jumla wa Dar es Salaam, au wa Mtaa wa Biashara kule Mombasa, anayejua msimu huu wanawake wanasemana nini. Lakini hata huyo hajui habari za shangazi wa Muheza na mawifi zake. Maana kamili ya ile nguo ilikamilika pale kaunta, kwa swali la "unampelekea nani". Ujuzi huo haumo ndani ya robota.

Kisha muulize mama akuonyeshe kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ya kiasili haina jina, na haihitaji: kila mtu hapa pwani anajua ni ya bibi harusi. Ukivuka maji kwenda Madagaska unakuta lambahoany, nguo ya umbo lilelile, ina methali zao kwa Kimalagasi. Msumbiji wana capulana, nyingi zake hazina maneno kabisa, na mwanamke wa kule huzipokea, huziweka sandukuni na kuzirithisha bila kutafuta fumbo chini ya pindo. Familia za Oman zenye asili ya Unguja wanavaa kanga kama sisi na kuisoma kama sisi, ila jirani yao wa Muscat asiyejua Kiswahili anaona maua tu. Bahari moja hiyo, na kila bandari ina namna yake.

Tenganisha maswali kabla hujajibu

Ukirudi nyumbani, mbele ya kitu chako andika: kimetoka wapi, kinatumikaje, nani anakielewa, na nani anaamua kiweje. Watu wanagombana kuhusu utandawazi kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la tatu, wote wakidhani wanazungumzia jambo moja.

Kwa swali la kwanza, ndiyo, dunia imefanana, na ilianza kufanana zamani. Marshall McLuhan, yule Mkanada aliyeeneza msemo wa dunia kuwa kijiji kimoja mapema miaka ya 1960, alikuwa anatazama redio na televisheni, lakini Unguja ilikuwa inavaa pamba ya Massachusetts zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Kwa la pili tunafanana nusu. Kwa la tatu hatufanani hata kidogo, na sioni dalili ya kufanana. Wenye madesa huishia hapa, wakidhani wameshinda.

Tafuta kinachofanana kweli

Hapa ndipo ninapopenda wanafunzi wangu wachelewe. Mtu mwaminifu anayeupinga utamaduni mmoja lazima akubali kwamba kipo kitu kinachofanana zaidi kila mwaka. Mimi nakiita fremu: utaratibu wa nje, ambao kila mtu anaweka vyake ndani yake.

Hudhuria harusi yoyote ya ukumbini. Kamati imekusanya michango, MC anapiga kelele, na ukifika wakati wa keki, mara nyingi hapohapo pembeni inaletwa ndafu: mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimama kwenye sinia, mdomoni ameshikishwa majani. Ndafu imetoka kwa Wachaga, leo utaikuta hata kwenye harusi ya Mdigo. MC anamwita "keki yetu ya asili". Bwana na bibi harusi wanashika kisu kwa pamoja, wanahesabiwa moja, mbili, tatu, wanalishana, watu wanapiga picha. Nyama ni ya Kilimanjaro. Kisu cha watu wawili, kuhesabu, kulishana mbele ya kamera, hayo ni ya keki. Mbuzi ameingia ndani ya utaratibu ambao hakuuanzisha.

Angalia bendera. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, kila mmoja ana bendera inayotangaza kwamba yeye si kama wengine, na zote ni za pembe nne isipokuwa ya Nepal. Kuwa tofauti ruhusa. Kutokuwa na bendera, hapana. Angalia mpira. FIFA ina wanachama 211, wengi kuliko Umoja wa Mataifa, na dakika ni 90 Tanga kama zilivyo Turin. Ndani ya hizo dakika sisi tumeweka Simba na Yanga na kuwaita watani wa jadi, tukahamishia kwenye kandanda ule utani wa makabila ambao uliruhusu Mzaramo kumtania Mnyamwezi mpaka msibani. Kijana anayekwenda kibanda umiza kuangalia Arsenal Jumamosi anacheka kwa Kiswahili na anaumia kwa Kiswahili, ila saa ya kwenda na saa ya kuondoka amepangiwa London.

Sasa una hoja ambayo haimo kwenye desa: tunazidi kutofautiana kwa namna zinazofanana. Iandike hivyo, kisha iache itulie. Mtahini atakayeisoma atanyanyua kichwa.

Uliza nani aliichora hiyo fremu

Hili ni swali la nne, na usiliruke kwa kuogopa kuonekana mwanasiasa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, lengo likiwa mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vipate kupumua. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatikisa AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hapo hapakuwa na mtu anayechagua avae nini kwa sababu amevutiwa na utamaduni wa mwenzake. Palikuwa na robota la shati lililokwisha kuvaliwa, na masharti.

Weka na hili pembeni yake. Tarehe 20 Oktoba 2005, UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda na kukuza anuwai za kujieleza kiutamaduni. Nchi 148 zilikubali, nne hazikuegemea upande, mbili zilikataa: Marekani na Israeli. Nchi nyingi hivyo hazikai kuandika mkataba wa kulinda kitu ambacho hakitikiswi. Ukiwa upande wa kupinga mada, kura hiyo itakufaa kuonyesha kwamba dunia haitaki kuwa kitu kimoja. Ukiwa upande wa kuunga mkono, itakufaa kuonyesha kwamba hofu ilikuwa ya kweli. Jifunze kuitumia pande zote mbili, maana kura ya upande gani utasimama hupigwa siku ileile.

Mtego wa lugha

Wapinzani wako wataleta lugha, na hapo wanafunzi wengi huanguka. Watasema Kiingereza kinameza lugha za dunia. Ukikubali haraka umekwisha, ukikataa haraka umekwisha zaidi. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Mimi ni Mbondei. Mama yangu aliota ndoto kwa Kibondei, mimi nakizungumza nikiwa kijijini, binti yangu anakielewa akigombezwa tu. Hakuhamia Kiingereza, alihamia Kiswahili, lugha hii ninayoiandika kwa mapenzi makubwa na ambayo UNESCO imeipa siku yake, tarehe 7 Julai. Ukiangalia Tanga nzima, Wazigua, Wadigo, Wasambaa wa mjini, mkondo ni huohuo.

Kwa hiyo waambie ukweli: kufanana kunakotokea kwetu kwa kasi zaidi kumeletwa na shule ya msingi, redio ya taifa, jeshi na ndoa za mchanganyiko, ndani ya mipaka yetu wenyewe. Dunia ina lugha kadhaa kubwa zinazomeza ndogo, na Kiswahili ni mojawapo. Jaji mmoja aliwahi kumkazia macho mwanafunzi wangu aliposema hivyo, kwa kuwa kukisema Kiswahili hivyo kunasikika kama kukosa uzalendo. Alipewa alama zake.

Kupanga insha, kupanga mdahalo

Kwenye insha weka jibu lako mapema, aya ya kwanza au ya pili, kwa sentensi moja isiyo na "kwa upande mmoja". Yangu ningeiandika hivi: utandawazi unaweza kutupa vitu vilevile na taratibu zilezile, lakini watu wataendelea kuvielewa kwa namna ya kwao, na taratibu hizo zitafanana na za mwenye nguvu. Kitu chako kishike nusu ya kwanza ya insha. Fremu na nani aliichora vishike nusu ya pili. Lugha aya moja inatosha. Takwimu usizibuni, mwaka mmoja ulio na uhakika nao unakutosha kuliko asilimia kumi za kuokoteza.

Kwenye mdahalo ibebe kanga yenyewe, na usiifunue mpaka umesimama. Mwambie mtu wa upande wa pili aisome kwa sauti, kisha muulize angempelekea nani. Akikosea, watu watacheka, umeshapata dakika yako. Akipatia, mwambie aeleze amejuaje, na maelezo yake yatakuwa hoja yako. Chagua jina lenye makali kidogo. *Mdhaniaye siye kumbe ndiye* halijawahi kuniangusha.

Wakikurushia jinzi, kwamba vijana wote duniani wanavaa jinzi, usibishe kwamba hawavai. Waulize zimenunuliwa wapi, mpya au mtumba, na kama kuna mtu humo ukumbini ambaye jinzi yake ingepita kanisani kwao au kwa bibi yake. Mikono itanyanyuka michache, tena kwa sababu tofauti.

Na ikibaki dakika moja, waulize swali hili: huo utamaduni mmoja utapumzika siku gani, Ijumaa au Jumapili? Aliyesoma atakutajia Saudi Arabia, iliyohamisha mapumziko yake mwaka 2013 kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi, au Falme za Kiarabu, ambazo tangu Januari 2022 zinapumzika Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu siku ya kazi. Mpongeze, amesoma vizuri. Halafu muulize ni nani alimfuata nani, na ukae chini.